Mbio za farasi Nairobi: kupanga wikiendi ndefu ya marafiki kutoka Mtwara na Lindi

Kusini kwetu hakuna uwanja wa mbio za farasi. Ulio rahisi kuufikia ni wa Ngong, Nairobi, unaosimamiwa na Jockey Club of Kenya, na mbio zimekuwa zikikimbiwa hapo tangu 1954. Mbio zenyewe huchukua mchana mmoja, kwa kawaida wa Jumapili, kuanzia saa saba hivi hadi jioni. Kundi linalotoka Mtwara, Masasi au Nachingwea linavuka nchi nzima kwa ajili ya saa tano hizo. Ndiyo maana kila jambo, kuanzia tiketi hadi kitanda, linapangwa kwa kurudi nyuma kutoka Jumapili ile.

Kosa linaloharibu safari nyingi za aina hii ni kuanza na sikukuu. Watu wanaona siku nne za Pasaka, wanakata tiketi, wanafika Nairobi wanakuta geti la uwanja limefungwa. Si kila Jumapili ina mbio. Msimu una mapumziko yake, na siku ya mbio inaweza kuahirishwa kwa sababu ya mvua. Ulizeni klabu yenyewe wiki sita kabla, andikeni Jumapili mbili tatu zenye mbio, kisha ndipo mtazame kalenda ya sikukuu. Sikukuu ikiangukia Alhamisi, mnaomba ruhusa ya Ijumaa. Ikiangukia Jumanne, mnaomba Jumatatu. Ulizeni tena wiki moja kabla ya kuondoka, hata kama kila kitu kilikwisha thibitishwa.

Kuhusu majira, tunapendelea Oktoba, karibu na Siku ya Nyerere ya tarehe 14. Barabara ya kusini huwa kavu, na Nairobi baridi ya Julai imekwisha huku mvua za vuli zikiwa ndiyo kwanza zinakaribia. Aprili ndio mwezi mgumu. Masika hulowesha uwanja wa Ngong, na hulowesha pia barabara yetu. Mwezi Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam ilikatika eneo la Somanga na magari yakakwama pande zote mbili. Mkisafiri masika, ongezeni siku nzima ya akiba kabla ya ndege ya Nairobi, la sivyo pandeni ndege tangu Mtwara.

Hesabu ya njia

Mtwara hadi Dar ni kilomita 560 hivi, kupitia Mingoyo, Nangurukuru, Somanga, daraja la Mkapa na Kibiti. Basi hutumia saa nane hadi kumi. Kutoka Dar hadi Nairobi kwa Chalinze, Segera, Moshi, Arusha na Namanga ni kama kilomita 900 nyingine, na mpaka wa kuvuka katikati. Anayekwenda yote kwa basi anatumia siku mbili kwenda na mbili kurudi. Siku nne zimekwisha na farasi hajamwona. Njia ya nchi kavu mwanzo hadi mwisho inahitaji siku sita, tena bila uchovu kuhesabiwa.

Njia inayofaa makundi mengi ni ya kuchanganya. Alhamisi jioni mnapanda basi la usiku, alfajiri ya Ijumaa mko Dar, mchana mnaruka kwenda Nairobi. Jumapili mbio. Jumatatu mchana mnarudi Dar kwa ndege, jioni mnapanda basi, Jumanne asubuhi mko nyumbani. Ndege ya Dar kwenda Nairobi ni saa moja na robo hivi. Kati ya muda wa basi kufika na muda wa ndege kuruka acheni saa sita zisizoguswa: tairi linapasuka, mizani ina foleni, Mbagala asubuhi haitembei. Mabasi ya kusini huishia upande wa Mbagala na Temeke, na kutoka huko hadi uwanja wa ndege wa Julius Nyerere si mbali. Lakini mkiamua kuendelea kwa basi la Nairobi, ulizeni linaanzia wapi, maana kuvuka jiji kutoka Mbagala hadi stendi ya Magufuli kule Mbezi kunaweza kula asubuhi nzima.

Wenye uwezo wa ndege tangu Mtwara wanaokoa usiku mbili za barabarani. Hapo jambo moja ni la kuzingatia sana: tiketi ya Mtwara–Dar na ya Dar–Nairobi zikiwa zimenunuliwa mbalimbali, ndege ya kwanza ikichelewa, shirika la pili halina wajibu nanyi. Tafuteni tiketi moja inayounganisha safari zote mbili. Ikishindikana, wekeni usiku mmoja Dar katikati. Wa Lindi mjini wapige hesabu mara mbili: kurudi kusini hadi Mtwara ni kama kilomita 105 kabla ya kupanda ndege, ilhali basi la kwenda Dar tayari linapita mlangoni.

Hati

Mtanzania hahitaji viza kuingia Kenya. Anahitaji pasipoti, au hati ya dharura ya kusafiria inayotolewa na Uhamiaji. Ada ya pasipoti ya kielektroniki imekuwa shilingi 150,000 na ya hati ya dharura 20,000. Ofisi za mkoa zipo Mtwara na Lindi. Kinachochelewesha watu mara nyingi ni viambatisho: kitambulisho cha NIDA, cheti cha kuzaliwa cha mwombaji, na uthibitisho wa uraia wa mzazi. Mwenye jina lililoandikwa tofauti kwenye NIDA na kwenye cheti aanze kulishughulikia miezi mitatu kabla, kwa kuwa hapo ndipo wiki zinapopotea. Jina la kwenye tiketi lifanane na la kwenye hati herufi kwa herufi.

Kadi ya chanjo ya homa ya manjano ni muhimu zaidi wakati wa kurudi kuliko wakati wa kwenda. Kenya imo katika nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, hivyo abiria anayetoka huko anaweza kudaiwa kadi anapoingia Tanzania. Cheti huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchanjwa, na sasa hudumu maisha yote. Kuchanja Jumatano kwa safari ya Ijumaa hakusaidii kitu.

Fedha: mifuko miwili, isichanganywe

Chagueni mtunza fedha mmoja, na si yule mwenye hamu kubwa ya kubeti. Mfuko wa kwanza ni wa safari: nauli, malazi, chakula, teksi, kiingilio, na akiba ya asilimia 15 juu ya jumla. Huku kwetu muda mzuri wa kuujaza ni pale fedha za korosho zinapoanza kuingia baada ya minada ya Oktoba, au za ufuta kwa wenzetu wa Lindi katikati ya mwaka. Michango midogo ya kila wiki kwa mtindo wa kikoba nayo inafanya kazi, mradi tarehe ya mwisho iwe wiki nne kabla ya safari. Asiyekamilisha siku hiyo, nafasi yake ipewe mwingine kabla tiketi hazijakatwa. Ni jambo gumu kumwambia rafiki, na ndiyo maana lisemwe siku ya kwanza, mbele ya wote, kabla mtu yeyote hajatoa shilingi.

Mfuko wa pili ni wa dau, na huo ni wa kila mtu peke yake. Nauli ya kurudi isikae kwenye mfuko huo hata kwa dakika tano. Tiketi za kurudi zikatwe pamoja na za kwenda, ili hata aliyepoteza kila kitu kwenye dirisha la kubetia awe na kiti chake Jumatatu.

Shilingi ya Kenya imekuwa ikibadilishwa kwa karibu 20 za kwetu. Tazameni bei ya siku hiyo na mbadilishe benki au duka rasmi la fedha, si kwa kijana wa mpakani. Nairobi watu hulipa kwa simu karibu kila mahali, lakini msitegemee laini ya Tanzania. Bebeni taslimu ya siku tatu, igawanywe kwa watu wawili.

Idadi inayokwenda vizuri ni wanne au sita. Wanne wanaenea teksi moja. Sita wanachukua gari la abiria saba na nyumba ya vyumba vitatu. Watano ndiyo idadi ya usumbufu, kwani kila mara mmoja anakosa nafasi na kila mara teksi ni mbili.

Lala upande ulipo uwanja: Kilimani, Adams Arcade, au maeneo ya barabara ya Ngong kuelekea Karen. Kutoka katikati ya jiji matatu (daladala za Kenya) namba 111 hupita barabara hiyo hiyo, na ni nafuu. Kwa kundi la wanne teksi ya programu ya simu haitofautiani sana. Nairobi iko juu, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na Julai usiku joto hushuka hadi nyuzi 10 au 12. Mtu wa Mikindani asiye na sweta zito hatalala. Mchana jua ni kali ingawa hewa ni baridi, kwa hiyo kofia nayo iwepo. Viatu viwe vya kufunika, visivyo na kisigino chembamba, maana nyasi za kando ya njia ya farasi huwa na umande au tope. Jukwaa la kawaida halidai suti. Nguo safi ya heshima, kanzu au baibui, zinatosha. Sehemu ya wanachama huwa na masharti yake ya mavazi, ulizeni kabla.

Siku ya mbio

Fikeni saa moja kabla ya mbio ya kwanza. Nunueni kitabu cha mbio, angalau kimoja kwa kila watu wawili, kwa sababu bila hicho mtabaki kuchagua rangi za nguo. Kila farasi ana mstari wake: namba, jina, umri, jinsia, uzito aliopangiwa kubeba, jina la mpanda farasi (joki), la mkufunzi na la mwenye mali, geti la kuanzia, na mfululizo wa tarakimu za matokeo yake. Tarakimu husomwa kutoka kushoto kwenda kulia na ya mwisho ndiyo mbio ya karibuni. Mwenye 6-4-2-1 anapanda. Mwenye 1-2-5-0 anashuka, na sifuri maana yake alimaliza nyuma ya nafasi ya tisa.

Uzito unahitaji maelezo kidogo. Katika mbio za kusawazisha, farasi bora huongezewa uzito ili dhaifu naye awe na nafasi. Kwa hiyo uzito mkubwa kitabuni ni ushahidi kwamba waamuzi wanamwona ana uwezo, na papo hapo ni mzigo utakaomwelemea mwishoni, hasa mbio ikiwa ndefu na ardhi imelowa. Linganisheni na alichobeba mara ya mwisho aliposhinda. Akiwa ameongezewa kilo nne na umbali umeongezeka pia, hapo pana mashaka. Urefu nao utazameni kila mbio: farasi hodari wa mita 1,200 anaweza kuchoka kabisa kwenye 2,400, ambao ndio umbali wa Kenya Derby, mbio kubwa ya farasi wa miaka mitatu. Siku ya Derby watu hujaa na malazi hupanda. Kwa mara ya kwanza, Jumapili ya kawaida inafundisha zaidi.

Baada ya kitabu, nendeni kwenye uwanja mdogo ambapo farasi hutembezwa kabla ya mbio. Hapo ndipo wageni wengi hawafiki, na ndipo penye utamu wote wa siku. Tazama mwendo: hatua ndefu, laini, mguu wa nyuma ukikanyaga mbele ya alama ya mguu wa mbele. Tazama ngozi kama inang'aa na misuli ya matako kama imejaa. Masikio yaliyosimama mbele ni ya mnyama mwenye umakini. Yanayolala nyuma muda wote ni ya mwenye hasira au maumivu. Jasho linahitaji busara. Jua la saa nane humtoa jasho kila farasi, kwa hiyo linganisha mmoja na wenzake: akiwa yeye peke yake ana povu jeupe katikati ya mapaja na anavutana na mshikaji, anamaliza nguvu zake kabla ya kuanza. Mnyama huyo ana uzito wa kilo 450 hadi 550. Usisimame nyuma yake, usifungue mwavuli karibu naye, usipige picha kwa mwanga wa ghafla, na mtoto ashikwe mkono.

Kati ya mbio moja na nyingine kuna nusu saa au zaidi kidogo. Zigawanyeni hivi: dakika kumi kwenye uwanja wa kutembezea, tano dirishani, kisha mtafute mahali pa kusimama. Mbio ya mita 1,600 huisha kwa dakika moja na sekunde arobaini hivi; aliyekwenda kununua soda ameikosa. Kwenye mstari wa mwisho mnaona nani ameshinda, lakini mita 200 kabla ya hapo, penye ukingo wa njia, mnasikia kwato na pumzi na mnaona ni nani bado ana nguvu. Badilisheni mahali katika mbio mbalimbali.

Kubeti kwa anayebeti

Umri halali Kenya ni miaka 18. Dau za kuanzia ni mbili: la kushinda, yaani farasi wako awe wa kwanza, na la nafasi, yaani awe miongoni mwa wa mbele. Kwa kawaida farasi wakiwa 8 au zaidi nafasi zinazolipwa ni tatu, wakiwa 5 hadi 7 ni mbili, wakipungua hapo hakuna dau la nafasi. Someni tangazo la dirishani, kwani kanuni ya siku hiyo ndiyo inayofuatwa.

Katika kubeti kwa mfuko wa pamoja, fedha zote hukusanywa, mwendeshaji hukata sehemu yake, inayobaki hugawiwa waliopatia. Tuchukue mfano: mfuko una shilingi 200,000 za Kenya, makato yakiwa asilimia 20 zinabaki 160,000. Ikiwa farasi aliyeshinda alikuwa na dau za jumla ya 40,000, kila shilingi 100 inalipwa 400. Maana yake ni kwamba bei inayoonekana ubaoni hubadilika hadi geti linapofunguka, na farasi anayependwa na wote hulipa kidogo hata akishinda. Maana yake pia ni kwamba, kwa makato hayo ya mfano, anayeweka 1,600 siku nzima atarajie kurudishiwa 1,280 kwa wastani wa muda mrefu. Hiyo 320 ihesabuni kama bei ya burudani, pamoja na kiingilio.

Amua kiasi cha siku kabla ya kuingia, kigawe kwa idadi ya mbio, na kila fungu liwe kwenye bahasha yake. Shilingi 1,600 kwa mbio nane ni 200 kwa mbio. Bahasha ikiisha, mbio hiyo imeisha. Hatari kubwa iko kwenye mbio ya mwisho, mtu anapotaka kurudisha ya mchana wote kwa pigo moja; mwenzake amshike mkono. Dau za kupanga farasi wawili au watatu kwa mfululizo zinavutia kwa malipo, lakini gharama hupanda haraka: kufunika kila mpangilio wa farasi watatu kwa nafasi tatu za mwanzo ni tiketi 6, farasi wanne ni 24. Kwa shilingi 50 kila moja, hiyo ni 1,200 kwenye mbio moja.

Dirishani sema kwa mpangilio: namba ya mbio, aina ya dau, kiasi, namba ya farasi. Soma tiketi kabla hujaondoka, kwani kosa likigunduliwa baada ya mbio kuanza halirekebishwi. Na usiitupe farasi wanapomaliza. Joki hupimwa uzito kabla na baada ya mbio, pingamizi linaweza kuwekwa, na wa kwanza anaweza kushushwa. Subiri matokeo yatangazwe rasmi. Tiketi zinazookotwa chini na watu wengine mara nyingi ni za wenye haraka.

Kwa asiyebeti

Katika kundi lolote la kusini watakuwamo ambao kamari kwao ni haramu, na safari isiwafanye wageni katika siku yao wenyewe. Kutazama mbio hakudai dau. Kwa ushindani wa kirafiki, kila mmoja aandike chaguo lake baada ya kuwaona farasi wakitembezwa: alama 3 kwa mshindi, 1 kwa aliyeingia nafasi, jumla mwishoni. Isiwekwe zawadi wala chakula cha kulipiwa na aliyeshindwa, kwa kuwa hilo nalo ni dau kwa jina jingine. Panga muda wa adhuhuri na alasiri mapema, kati ya mbio mbili, na beba mkeka wa kukunja. Chakula cha uwanjani ulizieni kilivyochinjwa, au mbebe chenu asubuhi kama uwanja unaruhusu. Nairobi migahawa ya halali ni mingi, na Eastleigh ndiyo kitovu chake. Mtunza fedha ahakikishe mfuko wa safari haununui bia wala dau, ili mchango wa mmoja usilipie asichokikubali.

Kurudi

Waliopata wachukue fedha zao siku ile ile. Kuzifuatilia ukiwa Mtwara ni kazi isiyo na mwisho. Ondokeni mbio ya mwisho ikitangazwa, au bakini nusu saa, kwa sababu dakika kumi za mwanzo barabara ya Ngong hujaa na teksi hupandisha bei. Jioni hiyo pangeni mizigo. Jumatatu fikeni uwanja wa ndege saa tatu kabla ya ndege kuruka, badilisheni shilingi za Kenya zilizobaki kabla ya kupanda ndege, sarafu zitumieni kununua maji maana maduka ya fedha hayazipokei. Kadi ya manjano ikae pamoja na pasipoti, mkononi, si kwenye begi linaloingia tumboni mwa ndege. Mtunza fedha asome hesabu mkiwa bado mnasubiri basi Dar, risiti zote zikiwepo, na kilichobaki kigawanywe hapo hapo kabla watu hawajatawanyika.